Hivi jiji lina nguvu gani kwenye ishu ya tabianchi, au ni kazi ya serikali kuu tu?

Nyota_Njema

Wakuu habari za muda huu. Kuna kitu kinanisumbua kichwa muda sasa naombeni mnisaidie. Kila mkutano mkubwa wa tabianchi ukiisha unaona na mameya wametoa tamko lao, jiji fulani litafika sifuri ya hewa ukaa mwaka fulani, watu wanapiga makofi, yanaisha. Sa mimi nikikaa nikatafakari naona wanaosaini mikataba ni nchi. Ule wa Paris wa 2015 unadai kila nchi ipeleke mpango wake, hamna sehemu jiji linapeleka mpango likabanwa nao. Umeme unatoka gridi ya taifa, kodi ya mafuta inapangwa na wizara ya fedha, viwango vya magari navyo ni vya taifa. Meya anabaki na nini mkononi cha kupunguza hayo moshi?

Nauliza kwa nia njema kabisa. Sisi tunapiga kura ya madiwani, kama kweli wana nguvu nataka nijue niwabane wapi, na kama hawana basi nikambane mbunge. Mwenye uelewa aje na mifano ya kweli iliyotokea, maneno ya semina nimeshayasikia mengi. Nawasilisha.

Ramani_Mkononi

Mkuu swali zuri sana, mimi nimekaa kwenye fani ya mipango miji miaka mingi kwaiyo nitajibu kwa urefu, nivumilie.

Umetaja umeme, mafuta na magari ukaona vyote viko juu, sawa, ila jiulize yule mtu anachoma mafuta kila siku kwa nini. Anachoma kwa sababu anaishi mbali na kazini na hamna basi la kueleweka. Nani alipitisha ramani ya viwanja huko mbali? Nani alitoa kibali cha maduka makubwa yasiyofikika bila gari, nani alipanua barabara akasahau njia ya waenda kwa miguu na baiskeli? Ukifuatilia hizo saini moja moja utafika kwenye ofisi ya jiji. Na uamuzi wa ramani haufutiki, gari linachoka baada ya miaka 15 linauzwa vyuma chakavu lakini mtaa ukishapimwa na kujengwa utakaa hapo miaka mia, na wajukuu watasafiri umbali uleule tuliowapangia sisi.

Mfano wa kweli ni Curitiba kule Brazil. Wale hawakuwa na hela ya treni ya chini ya ardhi, mwaka 1974 wakaanza kutenga njia za mabasi peke yake, ila kitu ambacho wengi hawakisemi ni kwamba walifunga njia za mabasi na sheria ya ujenzi pamoja, maghorofa marefu yakaruhusiwa pembeni ya hizo njia na ukienda mbali nazo urefu unashuka. Yani abiria walipangwa kabla basi halijafika. Bogotá kule Colombia ikaja kuiga na mabasi yake ya TransMilenio mwaka 2000, na baada ya hapo miji kibao. Hayo mambo yote hakuna aliyeyaita sera ya tabianchi wakati yanaanza, ilikuwa foleni na hela tu.

Alafu kuna majengo. New York walipopiga hesabu yao waligundua kama theluthi mbili ya gesi joto za jiji zinatoka kwenye majengo, joto la ndani, ubaridi, maji moto, taa. Mwaka 2019 baraza la jiji likapitisha sheria namba 97, kila jengo lenye eneo la zaidi ya futi za mraba 25,000 limewekewa ukomo wa gesi joto, ukomo umeanza 2024 na unakaza zaidi 2030, mwenye jengo akizidisha anapigwa faini dola 268 kwa kila tani. Hiyo ni sheria ya madiwani mkuu, bunge la nchi halikuhusika.

Tokyo wao walitangulia, 2010 wakawawekea kikomo wenye majengo na viwanda vikubwa kama 1,300 hivi, na anayepunguza moshi kupita alichopangiwa anaruhusiwa kumuuzia mwenzake hiyo ziada. Ilikuwa ya kwanza duniani kwa jiji. Lakini angalia walichofanya kabla, tangu 2002 walikuwa wanawalazimisha hao wakubwa kuripoti matumizi yao. Miaka 8 wanakusanya data tu. Siku ya kikomo ilipofika hakuna aliyeweza kusimama akasema hesabu zenu za uongo, maana hesabu zilikuwa zake mwenyewe. Mimi hilo ndo jambo nalipenda kuliko yote kwenye habari nzima ya miji na tabianchi, na ndo linaigwa kidogo kuliko yote.

Na taka usizisahau. Taka zinazooza zikirundikwa dampo bila hewa zinatoa methani, na methani kwa kipindi cha miaka 20 inapasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Nani anamiliki dampo na anatoa tenda ya malori? Karibu kila sehemu duniani ni jiji au manispaa. Milan walianza kukusanya mabaki ya jikoni kivyake mtaa kwa mtaa na kufika 2014 walikuwa wamefunika jiji zima, mabaki yanaenda kwenye mitambo yanatoa gesi ya kutumika na mbolea. Kwaiyo meya mkononi ana vitu vingi.

Hoja_Nzito

Mkuu Ramani umeeleza vizuri ila umeonyesha upande unaong'aa. Ngoja na mimi nilete upande wa pili, maana Nyota ameomba ukweli.

New York hiyohiyo. Meya Bloomberg alitaka magari yanayoingia katikati ya Manhattan yalipie, baraza la jiji likakubali 2008, mpango ukapelekwa bunge la jimbo kule Albany na wale hawakuupigia hata kura, ukafia hapo. Jimbo lilikuja kuruhusu 2019, kukawa na vuta nikuvute, 2024 gavana akausimamisha wiki chache kabla haujaanza, mpaka Januari 2025 ndo malipo yakaanza. Miaka 17! Moshi haukuwasubiri.

Berkeley kule California mwaka 2019 ilikuwa jiji la kwanza Marekani kupiga marufuku mabomba ya gesi kwenye majengo mapya, kila mtu akaisifia. Wakashtakiwa, na 2023 mahakama ya rufaa ikasema sheria ya taifa ya mwaka 1975 inayohusu nishati iko juu yenu, hamna mamlaka hayo. Jiji likaifuta yenyewe. Na miji mingine iliyokuwa inafuata nyuma ikaingia baridi.

Copenhagen je? Hawa ndo walikuwa mfano wa dunia, walisema watafika sifuri 2025. Na kweli walifanya kazi, karibu nyumba zote zinapashwa joto kwa mabomba ya pamoja, baiskeli zimejaa, moshi wao ulishuka zaidi ya nusu ukilinganisha na 2005. Kipande cha mwisho walikuwa wanategemea mtambo wa kunasa hewa ukaa kwenye tanuri lao la kuchomea taka, na huo mtambo ulihitaji hela za serikali kuu. Hela hazikupatikana, 2022 wakatangaza lengo halitafikiwa. Siwacheki hata kidogo, walijitahidi kuliko karibu kila mtu, ila unaona mlango wa mwisho ufunguo wake haukuwa mfukoni kwao.

Na hesabu zenyewe zina shida, jiji linahesabu moshi unaotokea ndani ya mipaka yake. Saruji, chuma, simu, nguo vinatengenezwa kwingine vinaletwa kutumika mjini, moshi unaandikwa kwa walikotengeneza. C40, ule umoja wa majiji makubwa uliozaliwa London 2005, wenyewe walipiga hesabu ya matumizi kwa miji 79 wakatoa mwaka 2018, wakakuta ukihesabu wanachotumia watu inazidi ile ya ndani ya mipaka kwa asilimia 60 hivi. Kwaiyo jiji lenye watu wenye uwezo linaweza kutangaza limeshusha kumbe limehamisha.

Kwa sheria za nchi nyingi jiji ni mtoto wa serikali kuu. Mamlaka limekabidhiwa, na mkabidhi akitaka anachukua chake.

Nyota_Njema

Duh asanteni sana, nimesoma mara mbili. Sa hapo nimechanganyikiwa vizuri zaidi haha, maana Ramani ameniambia jiji lina kila kitu na Hoja ameniambia linaweza kunyang'anywa kila kitu. Kuna kitu kimoja ambacho jiji likiamua leo hamna wa kulizuia?

Mwamvuli

Nyota naomba nijibu hilo swali lako maana wakubwa wote wawili wameongelea kupunguza moshi tu, hawajagusa kujikinga. Na kujikinga ndo kazi ya jiji zaidi, kwa sababu mvua ikishanyesha hainyeshei taifa, inanyeshea mtaa fulani wenye mtaro uliojaa taka.

Chukua joto. Ahmedabad, India, Mei 2010 joto lilifika karibu nyuzi 47, na watafiti walipokuja kuhesabu vifo vya mwezi ule wakakuta vimezidi vya kawaida kwa zaidi ya 1,300. Watu 1,300 wa jiji moja ndani ya mwezi mmoja, na wengi hata cheti cha kifo hakitaji joto, kinataja moyo au figo. Mwaka 2013 manispaa ikaja na mpango wake wa kukabili joto, wa kwanza Asia Kusini. Ukiusoma hauna teknolojia ya kutisha. Kuna utabiri wa siku kadhaa mbele, kuna rangi za tahadhari, simu inapigwa kwa hospitali ziandae vitanda na barafu, vituo vya maji vinafunguliwa, bustani zinaachwa wazi mchana, wauguzi wanafundishwa kumtambua mtu aliyezidiwa na joto, vibarua wa ujenzi wanaambiwa wasogeze saa za kazi. Baadaye wakaanza kupaka paa za nyumba za watu wa hali ya chini rangi nyeupe ili zisinyonye jua. Hamna waziri aliyehitaji kusaini rangi nyeupe. Na ule mpango umeigwa na miji mingi ya India.

Kwa nini iwe jiji? Kwa sababu joto la mjini limetengenezwa na jiji lenyewe kwa sehemu kubwa, lami na zege vinanyonya jua mchana kutwa vinatoa usiku, miti hamna, maghorofa yanaziba upepo, na usiku ndo unaoua maana mwili haupati nafasi ya kupoa. Ulaya waliliona hilo 2003, Ufaransa peke yake walikufa kama watu 15,000, wengi wazee waliokuwa peke yao. Mwenye kujua mzee gani anaishi peke yake ghorofa ya juu ni ofisi ya mtaa, wizara haimjui.

Maji nayo hivyohivyo. Hoja amewataja Copenhagen kwa walichokosa, mimi nawataja kwa walichopata. Tarehe 2 Julai 2011 iliwanyeshea zaidi ya milimita 100 ndani ya masaa machache, mji ukafurika mpaka hospitali, hasara ikapita kroner bilioni 6. Mwaka uliofuata wakawa na mpango wa mvua kubwa, badala ya kuchimba mabomba makubwa tu wakaamua bustani ziwe chini kidogo ya barabara ili zijae maji kwanza, barabara zingine zikageuzwa mifereji ya siku ya dharura. Siku ya jua watoto wanacheza hapohapo.

Kwaiyo jibu langu mkuu, miti, mitaro, paa, tahadhari ya joto, na kutoruhusu mtu kujenga bondeni. Hapo sijui nani atamzuia meya.

Hoja_Nzito

Mwamvuli nakubaliana na wewe karibu yote ila hilo la mwisho la kuzuia ujenzi siyo kila jiji linalo. Freetown, Sierra Leone, Agosti 2017 mlima ulishuka, waliokufa na waliopotea walipita 1,000, na juu kule misitu ilikuwa imekatwa nyumba zimepanda kilimani. Meya Yvonne Aki-Sawyerr alipoingia mwaka 2018 akaanzisha kampeni ya miti milioni moja, wananchi wanaotunza miche wanalipwa kidogo kupitia simu kila mti unapokaguliwa ukakutwa hai, ni kitu kizuri mno. Lakini kibali cha ujenzi na upangaji wa ardhi vilibaki wizarani. Yani jiji linapanda mti, mtu mwingine anatoa kibali cha kuukata. Mama wa watu amelalamika hilo hadharani mara nyingi na ana haki.

Ramani_Mkononi

Hilo la Freetown linauma kweli, na linaonyesha kwamba vita ya kwanza wakati mwingine ni ya kudai mamlaka yenyewe. Cape Town walifanya hivyo, walitaka kununua umeme wa jua na upepo moja kwa moja kutoka kwa wazalishaji binafsi, sheria ikawa inahitaji idhini ya waziri, wakamburuza waziri mahakamani. Mahakama 2020 iliwaambia kamalizaneni kwanza wenyewe, na Oktoba mwaka huohuo kanuni zikabadilishwa manispaa zikaruhusiwa kununua. Jiji moja lilisukuma, manispaa zote za Afrika Kusini zikafunguliwa mlango.

Na Stockholm, hii nyie wote mtaipenda. Walitaka magari yanayoingia katikati yalipie, wanasheria wakasema hiyo kisheria ni kodi na jiji haliwezi kuweka kodi ya namna hiyo, mpaka leo ile ni kodi ya serikali kuu. Kwaiyo bunge likatunga sheria, jiji likaendesha majaribio miezi 7 mwaka 2006. Kabla ya majaribio wananchi wengi walikuwa hawataki kabisa. Siku ya kwanza tu foleni ikapungua, kwa ujumla magari yaliyovuka mpaka yakashuka kama moja ya tano. Majaribio yakasimamishwa Julai, foleni ikarudi watu wakaiona kwa macho, Septemba wakapiga kura ya maoni, wakazi wa jiji wengi wakasema irudi. 2007 ikawa ya kudumu. Serikali kuu ilitoa sheria, lakini nani angekuwa na ujasiri wa kuijaribu kama siyo jiji? Nchi nzima haiwezi kujaribu kitu miezi 7 ikazima ikawasha.

Hesabu_Kwanza

Wadau samahani nimechelewa, ila hamjagusa hela na bila hela haya yote ni karatasi.

Shenzhen kule China ilifikia mwisho wa 2017 mabasi yake yote zaidi ya 16,000 ni ya umeme. Jiji la kwanza kubwa kufanya hivyo. Watu wanasema ona jiji linaweza, ndiyo linaweza, ila ruzuku nzito ilitoka serikali kuu. Toa ruzuku uone.

Jiji likitaka kukopa lenyewe je? Benki ya Dunia iliwahi kuangalia miji mikubwa 500 ya nchi zinazoendelea, ikasema inayokopesheka kwenye soko la kimataifa ni kama asilimia 4 tu, na kwenye masoko ya ndani haifiki asilimia 20. Na hata likikopesheka siyo mwisho. Dakar, Senegal, walijiandaa miaka kuuza hatifungani ya jiji (karatasi za mkopo, anayezinunua ndo analikopesha jiji) ya faranga bilioni 20 za CFA, hesabu zikakaguliwa, 2015 siku ya kuzindua ilipokaribia kabisa wizara ya fedha ikaizuia. Ile hata haikuwa ya tabianchi, ilikuwa ya kujenga soko, ila funzo ni lilelile. Wenye ruhusa na vitabu vilivyonyooka wanapata, Gothenburg kule Sweden walitoa hatifungani ya kijani, yani ya miradi ya mazingira, 2013, Johannesburg 2014, Cape Town 2017.

Kwaiyo Nyota, meya akikwambia sifuri mwaka fulani usibishane nae kuhusu mwaka. Muulize bajeti ya mwaka huu wa fedha ina shilingi ngapi za mtaro na ngapi za kupanua barabara. Tamko la miaka 25 ijayo analitoa mtu ambaye hatakuwepo ofisini, bajeti ya mwaka huu ataijibu yeye mwenyewe.

Nyota_Njema

Aisee mmenifungua macho, Mungu awabariki wote. Nilivyoelewa mimi, nikienda kwa diwani niende na vitu vinne, ramani ya viwanja vipya inapitia wapi na mabasi yanafika au la, dampo na malori yake, mitaro na miti na tahadhari ya joto, na majengo makubwa yanaripoti wapi matumizi yao. Mambo ya gridi na kodi ya mafuta nampelekea mbunge, na pia nimuulize mbunge kwa nini jiji halijapewa yale linayoyahitaji.

Swali la mwisho, huyo diwani akinipa kitabu cha bajeti nikiangalie wapi? Maana ni kurasa mamia na mimi sio mhasibu.

Hesabu_Kwanza

Mkuu ruka maelezo yote ya mbele, nenda kwenye jedwali la miradi ya maendeleo. Kwenye vitabu vingi utakuta kiasi kilichopangwa mwaka uliopita na kiasi kilichotolewa kweli. Chukua kalamu, tafuta mstari wa mifereji, wa taka, wa usafiri wa umma na wa bustani, andika namba mbili mbili pembeni. Ukikuta mtaro ulipangiwa hela nyingi na zilizotoka ni robo, huna haja ya uhasibu, hiyo ndo karatasi ya kwenda nayo kwenye kikao. Alafu angalia na matengenezo, wengi wanajenga mtaro wanasahau kutenga hela ya kuuzibua.

Mwamvuli

Na uende kabla ya msimu wa mvua, siyo baada. Baada ya mafuriko kila mtu anaongea na kila ofisi inasema hela zimeenda kwenye dharura.